Mwaka wa Kumnyima Veva

Tangu tumzike Veva siwezi kukaa kiti kimoja kwa muda mrefu. Naanza kuandika, nainuka, nakwenda mlangoni, narudi, nasoma nilichoandika, nafuta. Waliokuja kutoa pole waliuliza ugonjwa gani umemchukua, nami nikawajibu kifua. Ni kweli, kilikuwa kifua, siku nne tu za baridi ya Juni. Lakini hilo lilikuwa jibu la kuwapa watu waliosimama mlangoni. Alichoishi nacho miaka ishirini na minne hakikuwa kifua, na mimi niliyeishia kidato cha pili si mtu wa kukieleza vizuri. Nitakieleza kama nilivyoelezwa. Mwaka ninaotaka kuusimulia yeye alikuwa na miaka minane na mimi ishirini na miwili, na mwaka huo nilifanya kosa lililobakiza kidogo tu limuue. Watu wengi wa Kasense wanajua nusu ya kosa hilo.

Nilifika Kasense kwa dada yangu Gaudensia mvua za kwanza zilipoanza. Nilikuwa nimeacha kujifunza cherehani mjini kwa sababu fundi wangu alihama, na dada alihitaji mtu wa kumsaidia shambani na kwa mtoto wake Veva. Siku ya kwanza nilitoa kwenye begi langu mkungu mdogo wa ndizi niliokuja nao kama zawadi, nikauweka mezani sebuleni, nikaenda kunawa miguu. Niliporudi dada alikuwa amesimama katikati ya chumba na maganda mkononi, na Veva amekaa sakafuni, mashavu yamejaa, macho yake madogo ya mlozi yananitazama bila hofu. Ndizi zote zilikuwa zimekwisha. Dada hakupandisha sauti. Alisema, "Yustina, nyumba hii haiwekwi kitu mezani." Kisha akanionyesha mlango wa stoo na kufuli lake, na ufunguo aliokuwa ameufunga kwenye pindo la kanga, na nikadhani dada yangu amekuwa mchoyo.

Ilinichukua wiki kuelewa jinsi watu wale walivyoishi. Chakula kilikuwa mara tatu, na kikombe cha plastiki ndicho kilichopima sahani ya Veva. Sote tulikula wakati mmoja, tukamaliza wakati mmoja, na sufuria ikaoshwa kabla hatujanyanyuka vizuri. Ukoko ulipelekwa kwa kuku, na banda la kuku nalo lilifungwa, kwa sababu Veva alishakamatwa akila pumba zao. Kabla ya hapo alikutwa shambani akitafuna mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya wadudu, na kufuli la kwanza lilinunuliwa siku hiyo hiyo. Shemeji yangu Melkiori alikuwa akinunua karanga mjini na kuzila njiani akirudi, akipangusa midomo kabla ya kufika kwenye ua. Mimi nilijifunza kula kiazi kitamu nyuma ya choo, nimesimama, kwa haraka kama mwizi, na mpaka leo nikila peke yangu huwa nasimama.

Na bado usidhani nyumba ilikuwa ya huzuni. Veva alikuwa mcheshi kuliko sisi wote. Ungempa debe la maharage yaliyochanganyika angekaa nalo asubuhi nzima akitenga ya njano, mekundu na yale ya madoadoa, kwa vile vidole vyake vifupi, na asingekosea hata moja. Jioni moja aliniuliza, "Mama mdogo, una njaa?" Nikasema sina. Akafikiri. "Basi mimi ninayo ya kwako na ya kwangu." Dada alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akatoka nje, na nikamsikia akipenga kamasi. Baadaye alinisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa mlegevu kama nguo mbichi. Hakuweza kunyonya wala kulia kwa nguvu. Alikamuliwa maziwa na kunyweshwa kwa kijiko miezi mingi, na majirani wakajiandaa kwa msiba. Alipofika miaka mitatu akaanza kula, ukoo mzima ulishangilia. Bibi Sesilia, mama mdogo wa Melkiori, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, alichinja jogoo. Walimlisha kila alichotaka. Walidhani anafidia.

Kwetu Ufipa mtoto hafukuzwi kwenye chakula. Adhuhuri ikimkuta kwako, ananawa mikono na kukaa kwenye sahani, na hakuna anayemuuliza ni wa nani. Mimi nimelelewa hivyo, na watu waliotusema walilelewa hivyo. Kwa hiyo nilipokuwa kwenye foleni ya bomba na ndoo yangu, niliyasikia yote, kwa sababu wanawake wale hawakupunguza sauti kwa ajili ya mgeni.

"Kwa Mama Veva hata panya wamehama."

"Wamehamia kwako, ndiyo maana paka wako amenona."

"Msicheke. Mtoto anafungiwa ugali kama mfungwa. Juzi amekuja kwangu anatetemeka."

"Ukampa?"

"Nisimpe, nimekuwa jiwe?"

Bibi Sesilia hakuwa akisemea bombani. Yeye alisemea kwenye ua wake, akipepeta ulezi, kwa sauti ya kufika jikoni kwetu. Yalikuwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mwanamke anayemfungia mtoto chakula ana jambo moyoni. La pili lilikuwa baya zaidi, nalo alilisema kwa kuzunguka: kwamba Veva ni mweupe kuliko ukoo wote, nywele zake zina rangi ya majani makavu, na kwamba mama akimchukia mtoto wake mwenyewe, basi mtoto huyo anamkumbusha kitu. Dada alikuwa akikoroga sufuria na kusikia. Melkiori alikuwa akisikia pia, amekaa kizingitini akinoa jembe. Aliendelea kunoa. Nilimtazama mgongoni nikamchukia, na nakiri sikujua kuchukia kulivyo rahisi unapokuwa huna mtoto wa kulinda.

Mvua zilipokwisha na mahindi kuanza kukauka, jirani mmoja alifanya sherehe ya kipaimara cha binti yake. Dada alikuwa na homa. Alinikabidhi Veva mlangoni, amemlisha kwanza, na akaniambia neno moja: "Mshike mkono. Usiuache mpaka mrudi." Pale kwenye sherehe palikuwa na turubai, muziki, na masufuria ya wali na nyama yaliyopangwa kwenye mawe bila mtu wa kuyalinda. Veva aliyaona kabla yangu. Mkono wake ulianza kuvuta, si kwa nguvu, ila bila kuchoka, kama mbuzi anavyovuta kamba. Bibi Sesilia alikuwa akipakua.

"Lete mtoto huyo," akasema.

"Ameshakula nyumbani, Bibi."

"Siku ya kipaimara nani anakula nyumbani?" Wanawake wakacheka. "Au dada yako amekutuma utulinde na wali wetu wenyewe?"

"Mfungue kamba, binti," mwingine akasema, "hajaja mnadani."

Wote walinitazama. Hii ndiyo nusu inayojulikana: kwamba mtoto aliniponyoka kwenye umati. Ndivyo nilivyomwambia dada, na ndivyo ilivyosimuliwa. Nusu nyingine ni kwamba hakuniponyoka. Niliufungua mkono wangu. Niliona aibu, ndiyo, lakini aibu haikuwa yote. Nilikuwa nimemchoka. Miezi saba nilikuwa nimeshika mkono ule, na pale chini ya turubai walikuwepo vijana wa rika langu wakicheza, na nilitaka jioni moja ya kuwa mtu asiye na mzigo. Nikacheza. Kila nilipogeuka nilimwona amekaa kati ya wanawake, sahani inaletwa na nyingine inaletwa, na wote wanafurahi, hasa yeye. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tena.

Asubuhi tumbo lake lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Hakutapika. Hakulia. Dada alibonyeza akauliza kama panauma, akasema hapaumi, anataka uji. Nasi tulitulia kwa sababu ya jibu hilo, mpaka mchana, alipoanza kubadilika rangi ya midomo na kupumua kwa juu juu. Melkiori alikimbia mpaka barabarani akarudi na pikapu ya mtu aliyekuwa amebeba mbao. Walizitupa mbao kando ya njia, tukamlaza mtoto nyuma. Hospitali walimpasua. Sehemu ya mfuko wa chakula ilikuwa imeanza kufa, wakaikata. Daktari wa upasuaji alisema angekuwa mtoto mwingine angelia tangu usiku, na kilio kingemwokoa mapema. Huyu maumivu hayamfikii vizuri, kama ambavyo kushiba hakumfikii.

Wodini palikuwa na daktari wa watoto, mwanamke kijana aliyeletwa pale kwa mafunzo, ambaye alikuja kumtazama Veva si mara moja. Alimgeuza viganja. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuuliza: alizaliwa mlegevu? Alishindwa kunyonya? Njaa ilimjia baadaye, ghafla? Anajidonoa ngozi? Dada alijibu kila swali kwa ndiyo, na kwa kila ndiyo alizidi kuinama. Damu ya mtoto na ya wazazi ilichukuliwa, ikapelekwa mbali, nje ya nchi, kupitia mwalimu wa yule daktari. Tulingoja miezi. Tulikuwa tunavuna ulezi tulipoitwa kwenda kusikiliza majibu, na Melkiori akasema lazima Bibi Sesilia aje, asikie kwa masikio yake. Tukakaa watu wazima wanne kwenye chumba kidogo chenye kitanda cha kupimia na dirisha lisilofungika, upepo unapeperusha karatasi, na daktari akazikandamiza kwa simu yake.

Alichora. Alisema katika kila seli ya mwili kuna maandishi tuliyopewa na wazazi, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Maandishi hayo hayatolewi stoo. Yananakiliwa, na nakala inaitwa RNA. Nakala nyingi zinakwenda kusomwa ili mwili utengeneze kitu, nyama, damu, nywele. "Lakini ziko nyingine ndogo sana," akasema, "ambazo hazitengenezi kitu chochote. Kazi yake ni kuelekeza. Kila moja inakwenda kwa RNA nyingine, inajibandika mahali inapolingana nayo herufi kwa herufi, na kwa kujibandika inawaonyesha wafanyakazi wa seli: alama iwekwe hapa, si pengine. Alama yenyewe ni ya kikemia, ni chembe ndogo tu. Ikiwekwa, ile RNA kubwa inakaa vizuri na kufanya kazi yake."

Bibi Sesilia aliuliza, "Sasa hiyo ndogo yenyewe inaliwa?" Daktari hakucheka. Alisema hapana, haiwezi kuliwa wala kudungwa sindano, ingekuwa hivyo angetupatia siku ile ile.

Mimi nilifikiria chaki ya fundi. Unapokata suti, chaki haishoni wala haivaliwi, na nguo ikiisha haionekani. Lakini mtu akikuondolea chaki utakata kwapa mahali pa shingo. Nikamwambia daktari hivyo, kwa woga, akasema ni karibu na kweli. Veva alikosa kipande cha maandishi penye kundi zima la hizo ndogo, na mahali hapo panatakiwa kusomwa kwenye nakala ya baba peke yake. Ya mama ipo, ila katika kila binadamu ya mama hapo imelala, haisomwi. Ndivyo tulivyoumbwa. Kipande hicho hicho kilipopotea kiliondoka pia na sehemu ya rangi ya ngozi na nywele. Ndiyo maana ni mweupe.

Nilimuuliza, hizo za Veva zilitakiwa kuweka alama kwenye kitu gani? Akasema hapo ndipo wataalamu wenyewe walipokwama. Nyingine nyingi zinajulikana zinakokwenda. Hizi hazijulikani, zinaitwa yatima. Wanajua tu kwamba zisipokuwepo, njaa haizimiki. Miaka yote iliyofuata nilikuwa nikimuuliza swali hilo kila tulipokutana, na wiki iliyopita aliponipigia kunipa pole nilimuuliza tena. Alisema, "Tunajua kidogo zaidi, Mama. Bado hatujui." Nilimshukuru. Watu wengi wangenidanganya siku ya msiba.

Lakini siku ile, chumbani mle, Melkiori alikuwa amesikia neno moja tu. "Upande wa baba," akasema. "Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe," daktari akasema. "Kwako kipo, tumepima. Kilidondoka mara moja tu, wakati mtoto anaanza kutungwa. Hakuna aliyekitupa. Wala mama yake."

Melkiori akageuka, si kwa dada, kwa Bibi Sesilia. "Mama, miaka yote hii umesema ni yeye. Na mimi nimekaa kizingitini nanoa jembe." Halafu ndipo alipomtazama mke wake, na dada hakumtazama. Alikuwa anaisoma ile michoro juu chini. Akauliza swali lililokuwa la maana kuliko yetu yote: "Ataishi?"

Daktari akasema ataishi akilindwa asifikie chakula. Hakuna dawa. Akila mara nyingine kama ile ya sherehe, tumbo lililokatwa halitahimili. "Kufuli la nyumbani halitoshi. Huyu anatembea, ana akili, anajua kuomba. Dawa yake ni majirani. Kila nyumba imnyime."

Dada hakuweza kwenda kuwaambia. Alisema akifungua mdomo atawatukana. Melkiori alisema ni kazi ya wanawake, na sikumlaumu tena, nilijua anaogopa. Nikaenda mimi, nyumba kwa nyumba, majuma mawili, kuwaomba watu wema wafanye jambo ambalo mama zao waliwafundisha kwamba ni dhambi. Sikuwaeleza RNA. Mara ya kwanza nilijaribu, na mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akamwita Veva aje anywe togwa. Baada ya hapo nilisema tu: ukimpa, utakuwa umemuua, na nitasimama kaburini niseme ni wewe. Wengine walikubali kwa hasira. Mama mmoja mfugaji, aliyehamia kutoka Usukumani, ambaye alikuwa akimpa maziwa kila jioni, alilia, kisha akaniuliza kama anaweza kumpa maji kwenye kibuyu kile kile cha maziwa, ili asiondoke mikono mitupu. Kijana wa dukani alisema, "Da Yustina, sasa mimi nimwambie biskuti zimeisha na anaziona?" Nikamwambia ndiyo, na azipange juu zaidi.

Nyumba ya Bibi Sesilia niliiacha ya mwisho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, hakunikaribisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia akiangalia ungo. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanitoka mengine. Nikasema, "Bibi, siku ya kipaimara hakuniponyoka. Nilimwachia."

"Najua," akasema. "Nilikuona ulivyofungua vidole. Ndipo nikampakulia." Akaendelea kupepeta. "Nilitaka dada yako aone mtoto akishiba. Nilitaka aone aibu." Nilikaa chini, kwenye vumbi, tukawa hivyo mpaka ungo ukaisha. Sikumwomba amnyime. Nilishindwa. Nilirudi nyumbani nikamwambia dada nusu yangu ya kosa. Alinipiga kofi, kisha akaniambia niteke maji ya kupikia. Hatukuzungumzia tena.

Siku chache baadaye, adhuhuri, niliwaona wanavuka njia. Bibi Sesilia alikuwa amemshika Veva mkono, sawasawa kama nilivyoagizwa mimi kumshika, na mkono wake mwingine ulikuwa na unga uliokauka kwenye vidole. Alikuwa amekatizwa akisonga. Veva alikuwa akipiga kelele kwamba Bibi ana roho mbaya, Bibi mchoyo, Bibi atakwenda motoni, na watu walikuwa wametoka milangoni kutazama. Mwanamke yule aliyelisha nusu ya watoto wa Kasense alipita katikati yao hivyo, analia bila kujifuta, kwa sababu hakuwa na mkono wa kujifutia. Alimkabidhi kwa dada mlangoni. "Nimemnyima," akasema. "Ugali uko mezani unatoa moshi, nami nimemnyima." Dada alimpokea mtoto. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumba ile, akamwambia Bibi Sesilia apite ndani.

Aliishi miaka kumi na sita mingine. Sitasema ilikuwa rahisi, maana kuna siku alinikimbiza na mchi. Lakini aliishi, na daktari aliniambia wengi wa hali yake huku kwetu hawafiki hata jina la ugonjwa kujulikana. Tulipomzika, nilitazama waliobeba jeneza kupanda kile kilima cha makaburi, na wote, yule wa dukani, wana wa mfugaji, Melkiori mwenyewe, walikuwa watu waliomnyima chakula karibu kila siku ya maisha yake. Bibi Sesilia sasa haoni vizuri. Walimwongoza mpaka ukingoni, akachota udongo, na kabla hajauachia alisema kwa Kifipa, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto mwenye hasira. Kwa Kiswahili ni hivi: "Nilikunyima ili ukae. Umekaa. Sasa nisamehe."